Namba Iliposhuka, Sikufurahi

Wazazi wa watoto wenye sikoseli huniuliza swali moja wakishaingia chumbani kwangu: "Dokta, shida si iko kwenye damu? Mbona unampima kichwa?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa mionzi, na nimeshaacha kubishana kuhusu hilo. Ila swali lenyewe ni zuri, na jibu lake ni refu kuliko foleni ya nje inavyoruhusu.

Kwa baadhi ya watoto wenye sikoseli, yaani selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda seli nyekundu za damu, ateri kubwa zinazolisha ubongo huanza kuwa nyembamba pale zinapogawanyika ndani ya fuvu. Seli zilizopinda huumiza ukuta wa ndani, ukuta unanenepa, tundu linapungua. Mimi naweka kifaa cha ultrasaundi kwenye panja, ambako mfupa ni mwembamba, napima kasi ya damu. Bana mpira wa kumwagilia bustani uone maji yanavyoruka, ndivyo ilivyo. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde tunashusha pumzi. Ikifika 200, mtoto yuko kwenye hatari kubwa ya kiharusi. Utafiti wa STOP, Marekani, uliotoka mwaka 1998, uligawa watoto 130 wa aina hiyo makundi mawili. Kati ya walioongezewa damu mara kwa mara, 1 alipata kiharusi. Kati ya waliobaki na huduma ya kawaida, 11. Ukasimamishwa kabla ya muda wake.

Mtoto lazima awe macho na ametulia, ndiyo maana simu yangu imejaa katuni. Akilia anapumua haraka haraka, hewa ya kaboni inapungua mwilini, vijishipa vidogo vya ubongo vinasinyaa, damu inayopita kwenye ateri kubwa inapungua, na namba inashuka kwa uongo. Akisinzia, inapanda.

Basi mwaka jana nilikuwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo. Tukampima mtoto ambaye karatasi yake ya nyuma ilisoma 190 na ushee upande wa kushoto. Safari hii ikaja 80. "Dada, imeshuka!" akasema, na mama mtu akatabasamu. Mimi moyo ulinipasuka, kwa sababu upande wa kulia damu bado ilikuwa inakimbia vile vile. Ingekuwa ni dawa iliyoishusha, pande zote mbili zingeshuka. Ateri ikishabanwa kupita kiasi, damu inayopenya ni kidogo mno, kasi inakufa, na wakati mwingine huioni kabisa. Picha za MRI za mishipa ziliporudi, ateri ya kushoto ilikuwa karibu imeziba, na chini ya ubongo vijishipa vidogo vidogo vimechipuka kujaribu kuziba pengo.

Picha ya namna hiyo ndiyo Jiro Suzuki na Akira Takaku wa Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, Japani, waliyoipa jina la moyamoya mwaka 1969, kwa kuwa vile vijishipa vinaonekana kama moshi uliotanda. Wajapani wengine walikuwa wameshaandika kuhusu mgonjwa wa hali hii mwaka 1957. Suzuki aliupanga ugonjwa katika hatua 6, na mpangilio huo ningeubandika ukutani kwa kila mwanafunzi. Moshi unaanza, unakolea, halafu unapungua, na hatua ya 6 umetoweka. Anayetazama moshi peke yake atasema mgonjwa anapona. Kumbe ateri ya ndani imekwisha kabisa, na ubongo unaishi kwa hisani ya mishipa ya nje ya fuvu.

Chanzo? Kwa selimundu angalau tuna pa kuanzia. Lakini ugonjwa wa moyamoya wenyewe, unaowapata watu wasio na sikoseli wala historia ya kupigwa mionzi kichwani, bado ni kitendawili. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti wa Japani, Tohoku na Kyoto, yalifikia jeni moja, RNF213, iliyoko kwenye kromosomu ya 17. Badiliko lake liitwalo R4810K limo kwa wagonjwa wengi sana wa Japani na Korea. Vizuri. Sasa tazama upande wa pili: Wajapani wazima kati ya 1 na 2 katika kila 100 wanalo, na wanaougua hawafiki hata mmoja katika 100 ya hao wenye nalo. Panya walioondolewa jeni hiyo hawakupata ugonjwa wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo kuna kitu cha pili kinachosukuma. Mwaka 2021 ilionekana kwamba protini ya jeni hiyo husaidia seli kuwatia alama bakteria wa Salmonella walioingia ndani yake, na tangu hapo macho ya wengi yako kwenye maambukizi na kinga ya mwili. Mimi naliamini wazo hilo kuliko mengine, ingawa sina maabara ya kunitetea.

Upande wa picha, kilichonivutia zaidi ni kwamba watafiti wameacha kutazama tundu tu, wanatazama ukuta. Vigezo vya Japani vya kutambua moyamoya, vya mwaka 2021, vinataka MRI ionyeshe kama upande wa nje wa ateri nao umesinyaa. Katika moyamoya mshipa mzima husinyaa. Ateri ikibanwa na mafuta yaliyoganda ukutani, kipenyo cha nje mara nyingi hubaki. Tundu linaweza kufanana kabisa.

Kwetu MRI ya namna hiyo si ya kila wilaya. Ultrasaundi ipo. Hapa nyumbani, Bugando, Mwanza, utafiti wa SPHERE ulitumia kipimo hiki hiki kuwatafuta watoto wenye kasi ya juu na kuwapa haidroksiyurea, dawa ya sikoseli. Yule wa kwetu alikuwa ameshavuka hapo, sasa yuko kwenye kuongezewa damu.

Mzazi unayesoma hapa: ukija, njoo na karatasi ya kipimo cha nyuma, hata kama imelowa chai. Usiiache nyumbani kwa sababu ilisema "kawaida".