Dhahabu ya mama na baht ya Thailand

Januari 2024 dola moja ilikua inauzwa kama shilingi 160 za Kenya, na mimi nadaiwa dola. Nauza spea za gari, duka langu liko Mombasa, upande wa Mwembe Tayari, na kontena la mwisho nilikua nimelichukua kwa mkopo Dubai dola ikiwa bado mia ishirini na kitu. Wateja wangu ni mafundi na madereva wa matatu, wananilipa shilingi, tena wengine nusu nusu. Deni lenyewe halikuongezeka hata dola moja lakini kila asubuhi nikitizama bei kwa simu naona nadaiwa zaidi ya jana. Mamangu akaona silali, akaingia chumbani akatoka na bangili zake 4 za harusi amezifunga kwa kipande cha leso, akasema "twaa mwanangu, mali hurudi." Nkazipeleka mwenyewe kwa sonara, akawa azipima moja moja mimi nimeangalia mlango.

Tangu siku hiyo nimesoma sana habari za mgogoro wa fedha wa Asia ya 1997, kwa sababu nilichofanya mimi na kontena moja ndo walichofanya Thailand nchi nzima. Baht, pesa yao, waliifunga kwa dola, kama baht 25 kwa dola moja, miaka haisogei, watu wakaona ni salama. Riba ya dola nje ilikua chini kuliko ya nyumbani, na 1993 serikali yenyewe ikawafungulia mabenki njia ya kukopa nje kwa urahisi, basi wakachukua dola za muda mfupi wakazikopesha ndani kwa muda mrefu, nyingi zikaishia kwa maghorofa ya Bangkok. Sasa mpangaji wa ghorofa analipa baht, dola ya kurudisha itoke wapi? 1996 mauzo ya nje yakapoa, walanguzi wakaishambulia baht, benki kuu ikamaliza akiba yake kuitetea, na tarehe 2 Julai 1997 ikaiachia. Januari 1998 dola ilikua imeshapita baht 50 na makampuni ya fedha 56 yamefungwa.

Moto ukaenda Indonesia, rais Suharto akaondoka Mei 1998 baada ya miaka zaidi ya 30. Malaysia ya waziri mkuu Mahathir ikazuia pesa zisitoke nchini na kuifunga pesa yake, ringgit, kwa 3.80 kwa dola moja.

Lakini Korea Kusini ndo iliyonishika. Mwanzo wa 1998 watu walipanga foleni kupeleka dhahabu ili nchi ipate dola, pete za ndoa, pete za watoto waliotimiza mwaka, zikafika kama tani 227. Nilipomsomea mama alinyamaza kwanza, afu akauliza "na bangili pia walitoa?"

Dhahabu yote ya Wakorea thamani yake ilikua dola bilioni 2 na kidogo, na mkopo wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) pekee ulikua kama bilioni 21, kwa hivyo dhahabu haikulipa deni. Kilichowainua ni won, pesa yao, kushuka mpaka bidhaa zao zikauzika nje, mabenki mabovu kufungwa, makampuni makubwa kubanwa yapunguze madeni, na watu wengi sana walipoteza kazi hapo katikati. Agosti 2001 wakamaliza kulipa IMF kabla ya wakati. Baada ya hapo Asia ikajenga masoko ya kukopa nyumbani kwa pesa yao wenyewe na kuweka akiba, leo Korea ina zaidi ya dola bilioni 400.

Sisi Kenya Januari ile ya 2024 shilingi ilikua na hofu ya Eurobond, deni la serikali kwa wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 la kulipwa Juni. Februari serikali ikakopa tena bilioni 1.5, bado kwa dola, kwa riba ya juu, na kufika Machi dola ikarudi karibu 130. Mimi nilikua nshalipa kwa 160. Kodi yetu inakusanywa kwa shilingi, kwa hivyo naumia nikiona M-Akiba ya 2017, bondi ya serikali ya kununua kwa simu kuanzia shilingi 3,000, haikukazaniwa ikawa kitu kikubwa, maana mamangu angenunua.

Siku hizi sikopi dola. Kila Ijumaa nikifunga duka nanunua dola kidogo naweka, kontena linangoja mpaka zitoshe. Bangili 1 nimeshamrudishia mama, na dhahabu imepanda vibaya. Zimebaki 3.