Leider, Flagstad na mikwaruzo ya santuri

Nikiambiwa nichague aria moja tu ya Kijerumani (wimbo wa mwimbaji mmoja ndani ya opera) ya kumpimia soprano wa kidrama, yaani mwanamke mwenye sauti ya juu na nzito, mtunzi Wagner atanisamehe. Namchukua Beethoven: ile aria ya Leonore katika opera yake Fidelio, inayoanza na "Abscheulicher!" Wagner anataka sauti kubwa na pumzi isiyokatika. Beethoven anataka hayo hayo, halafu anadai na wepesi juu yake. Leonore amevaa nguo za kiume na kuomba kazi gerezani ili amwokoe mumewe. Sasa amemsikia mkuu wa gereza akipanga kumuua mfungwa huyo, na kwa muda usiofika dakika kumi inabidi afoke, atulie, aombe, kisha akate shauri. Mwisho kabisa sauti inakimbizwa juu hadi noti ya Si, wakati pumzi zimeshamwisha mtu yeyote wa kawaida.

Katika santuri za aria hii, ninayemsikiliza kwanza siku zote ni soprano Lilli Lehmann. Alizaliwa 1848, akaimba Bayreuth, kwenye jumba la opera la Wagner, mwaka 1876 Ring, mfululizo wa opera zake nne, ilipoonyeshwa nzima kwa mara ya kwanza, na alipoingia studio ya kampuni ya santuri ya Odeon mwaka 1906 na 1907 alikuwa anakaribia miaka sitini. Maikrofoni hazikutumika studio wakati huo. Mwimbaji aliimba ndani ya pembe kubwa ya bati, na sauti yenyewe ndiyo iliyosukuma sindano ichonge nta. Wapiga fidla walibanana karibu na pembe, wengine wakitumia fidla maalumu zenye pembe yake ya chuma ili walau zisikike. Ikija noti ya juu, mwimbaji alirudi nyuma hatua moja, la sivyo sindano ingeparuza. Kwa hiyo ukisikia sauti inasogea mbali pale inapostahili kukulipukia, usimlaumu mwimbaji. Wenye sauti ndogo pembe iliwapendelea. Hawa wakubwa iliwapunja.

Kwa Lehmann nasikiliza zaidi zile noti za haraka. Kila moja inasimama peke yake, safi, haiteleziani na jirani yake. Okestra ni kama nzi ndani ya kopo, lakini yeye yupo.

Kurekodi kwa umeme, yaani kwa maikrofoni, kulianza 1925, na hapo ndipo anapoingia Frida Leider. Alikuwa nyota wa opera ya taifa ya Berlin, na mwaka 1928 alirekodi aria hii akiongozwa na kondakta John Barbirolli. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 hubeba dakika nne na ushee, basi aria ikagawanywa pande mbili. Kuna sehemu ndogo mwanzoni ambayo huwa nairudia kabla sijaendelea. Baada ya ghadhabu yote ile, Leonore anasema anaona upinde wa mvua juu ya mawingu meusi ("Farbenbogen"). Ala za kupuliza zinashuka polepole, na Leider anaipunguza sauti bila kuipotezea uzito. Huyu hajatulia bado. Anajilazimisha kutulia, na unamsikia akijilazimisha.

Kirsten Flagstad aliirekodi mwaka 1937 pamoja na Philadelphia Orchestra chini ya Eugene Ormandy. Kwa sauti tupu, sijui nani wa kumshinda Mnorwei huyu: mkondo mmoja mpana kutoka chini hadi juu, hakuna pahala pa kuunga. Tatizo langu ni kwamba haogopi. Nikimsikiliza sina wasiwasi hata chembe na maisha ya yule mume. Nina hakika atafunguliwa minyororo kabla ya chakula cha jioni. Kwa Leider sina hakika hiyo. Ndiyo maana namweka juu, na najua wapenzi wa Flagstad hawataniacha salama.

Kwenye Liebestod, wimbo wa Isolde unaofunga opera ya Wagner Tristan und Isolde, nageuka. Pale utulivu wa Flagstad ndio unaotakiwa, hasa ile noti ya mwisho ya "Lust", Fa iliyopandishwa nusu hatua, ambayo wengi huisukuma na yeye huiachia tu. Kuna Tristan nzima aliyorekodi na kondakta Furtwängler mwaka 1952, ambamo noti za Do ya juu ziliimbwa na soprano mwingine, Elisabeth Schwarzkopf, kwa niaba yake. Watu walipiga kelele sana kuhusu hilo. Noti mbili tatu katika saa nne za muziki? Mimi halininyimi usingizi.

Ukitafuta rekodi hizi, angalia mambo mawili. La kwanza ni kasi. Santuri huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini za zamani nyingi zilichongwa kwa kasi nyingine, na ukizicheza kwa 78 kamili sauti inapanda au kushuka. "Komm, Hoffnung", sehemu ya polepole ya aria yetu ya Leonore, iko katika Mi meja, kwa hiyo gusa Mi kwenye kinanda chochote ulinganishe. La pili ni usafishaji. Wapo mafundi wanaofuta mikwaruzo yote, na pamoja nayo wanafuta ule ukali wa juu unaotofautisha sauti ya Leider na ya mtu mwingine yeyote. Mimi huchagua nakala yenye mikwaruzo. Baada ya dakika moja sikio linaizoea.