Kumbukumbu ya mradi: kutoka taya la perege hadi sikio la sungura

Lengo ni ubao mmoja wa plaiwudi, sentimita 60 kwa 40, unaoonyesha mifupa ileile ikibadili kazi katika wanyama watatu wanaopatikana sokoni Mbeya: perege, kuku na sungura. Mwaka 1837 Karl Reichert, mwanaanatomia wa Ujerumani, alichunguza viinitete na kuonyesha kwamba nyundo na fuawe za sikio la mamalia ndiyo mifupa inayounda bawaba ya taya kwa wanyama wengine wenye uti wa mgongo. Vitabu hulieleza vizuri, ila mwenye kuishika mifupa yenyewe hahitaji kukariri.

Kila mfupa unapata tone moja la rangi ya kucha: nyekundu kwa kwadrati (mfupa wa juu wa bawaba ya taya), buluu kwa artikula (mfupa wa chini wa bawaba hiyo), njano kwa haiomandibula (mfupa unaolining'iniza taya kwenye fuvu). Kwa sungura rangi hizo zinaangukia fuawe, nyundo na kikuku, mfupa wa tatu wa sikio.

Wiki ya 1: perege

Perege watatu wa Kyela, vichwa tu. Maji yawe ya moto lakini yasitokote. Dakika 3 zinatosha, nyama inaanza kuachia. Ukizidisha, fuvu zima linasambaratika kwa mkupuo na hutajua kipi kilikaa wapi. Safisha upande mmoja tu, kwa kibano na mswaki laini, na piga picha kabla ya kung'oa kila mfupa.

Haiomandibula ni mfupa bapa unaoshuka nyuma ya jicho, ukilining'iniza taya kwenye fuvu. Chini yake iko kwadrati, yenye umbo la pembetatu, na kwenye ncha yake kuna kifundo kinachoingia kwenye artikula. Hiyo ndiyo bawaba.

Koo lisitupwe. Nyuma ya matamvua perege ana taya la pili: bamba la pembetatu lililojaa vijino, ambalo mifupa yake miwili ya chini imeungana kuwa mmoja. Likishakauka, lipitishe kidole. Linakwaruza kama tupa. Kwa kuwa koo linasaga, taya la mbele linabaki huru kukwangua, kufyonza au kunasa, na hilo ni miongoni mwa mambo yanayotajwa kueleza jinsi jamii hii ya samaki ilivyogawanyika kuwa mamia ya spishi ndani ya Ziwa Nyasa. Halimo kwenye mpango wa rangi, lakini linastahili nafasi ubaoni.

Wiki ya 2 hadi ya 7: kuku na sungura

Hapa ni kuozesha kwa maji, si kuchemsha. Kuchemsha husukuma mafuta ndani ya mfupa, na miezi michache baadaye unageuka njano. Chuna ngozi, toa ubongo kwa waya, zamisha kichwa kwenye ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, kila mnyama na ndoo yake. Kila baada ya siku 4 au 5 mwaga nusu ya maji, usiyamalize, maana bakteria wanaofanya kazi wamo humo.

Tatizo la Mbeya ni baridi. Usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10 na bakteria karibu wanasimama. Ndoo nyeusi juani mchana, kisha ndani ya boksi lililojazwa pumba za mbao usiku, imeokoa wiki nzima. Iwe mbali na jikoni, na glovu zivaliwe.

Vichwa vya kuku vimechaguliwa kwa umri. Jogoo mzee wa kienyeji ana taya la chini ambalo mifupa yake imeshikamana, hata mistari ya maungio haionekani. Kuku wa kisasa, anayechinjwa akiwa na wiki chache tu, bado ana vipande vinavyoachana, na artikula inajitenga yenyewe. Kwadrati huanguka mapema, kwa hiyo kila maji yanayomwagwa yapite kwenye chujio la chai.

Sungura ana mfupa mmoja tu kila upande wa taya la chini. Mingine imekwenda wapi? Chini ya tundu la sikio kuna kibofu chembamba cha mfupa. Kisugue kwa tupa ndogo mpaka dirisha lifunguke, kisha gongesha fuvu taratibu juu ya karatasi nyeupe. Nyundo na fuawe zikitoka zimeshikana, usizitenganishe kwa nguvu. Kikuku ndicho kidogo kuliko vyote, na kweli kina umbo la kikuku cha mpanda farasi, tundu katikati.

Wiki ya 8

Kuondoa mafuta: maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, yabadilishwe yakichafuka. Kisha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, saa 24, chombo kisifungwe kabisa kwa sababu gesi hujaa. Dawa ya klorini ya kufulia isiguse mfupa; huendelea kuula hata baada ya kuusuuza, na uso wake unakuwa kama chaki. Gundi nyeupe ya mbao inafaa kuliko gundi ya papo hapo, kwa kuwa ukikosea unailainisha kwa maji.

Katikati ya kuku na sungura kumeachwa nafasi ya mchoro wa sainodonti, jamaa wa kale wa mamalia ambao visukuku vyao vimepatikana bonde la Ruhuhu, kusini mwetu. Taya lao lilikuwa limeshatawaliwa na mfupa mmoja mkubwa wa meno, huku kwadrati na artikula zikisinyaa lakini bado zikishika bawaba. Unatosha mchoro, visukuku haviokotwi bila kibali.

Kilichobaki: kikuku cha upande wa kushoto hakijapatikana kwenye chujio, na mashapo ya ndoo ya sungura yatapitiwa upya kwa kitambaa cha chachi.