Uzi wa Kanga

Mwaka 2007 nilialikwa na kikundi cha akina mama kwenye mwalo mmoja jirani na Mwanza. Walitengeneza karatasi kwa magugu maji, lile janga lililolivamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Niliitwa mshauri kwa sababu karatasi zao zilijikunja zikikauka, na ukizikunjua zinapasuka.

Kosa halikuwa la mikono yao. Nyuzi za magugu maji ni fupi, tena hunywea sana zikikauka. Zilihitaji nyuzi ndefu za kuzishikilia.

Tukiwa tumekaa kivulini, niliwasimulia habari za Cai Lun, ofisa wa ikulu ya China ambaye mwaka 105 alimpelekea mfalme wake karatasi ya magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu. Kusikia nyavu, mzee mmoja fundi wa nyavu akainuka. Akarudi na bunda begani.

"Hii hapa, mwalimu. Imechoka, ichukueni."

Iliniuma, maana ilikuwa ya nailoni, na mzee alikuwa ameitoa kwa moyo mmoja. Nikachomoa uzi, nikauwashia kiberiti. Ukayeyuka, ukaganda kitone kigumu. Nikamweleza kwamba karatasi hushikana kwa sababu nyuzi zake hunywa maji, kisha hukumbatiana zinapokauka. Nailoni hainywi.

Mama mmoja hakungoja nimalize. Alichomoa uzi kwenye pindo la kanga yake kuukuu, akauchoma mwenyewe. Ukawaka, ukanuka karatasi iliyoungua, ukaacha jivu laini. Pamba tupu.

"Nilimbebea kitinda mimba wangu," alisema. "Sasa ana ndevu. Ikateni."

Tuliikata vipande vya ukubwa wa ukucha, tukavichemsha kwa maji ya majivu, tukavisuuza, kisha wakatwanga kwa zamu kinuni mpaka jua likazama. Kutwanga ndiyo kazi yenyewe; uzi usiposagika ukachanua manyoya hautashika chochote. Tukachanganya na rojo la magugu, tukatia uji mwepesi wa muhogo ili wino usisambae, tukachota kwa fremu ya wavu.

Kesho yake saa nne karatasi ya kwanza ilibanduka kwenye kitambaa ikiwa nzima, imenyooka. Yule mama aliipokea, akaiinua juani, akawa anatafuta kwa kidole chembe nyekundu za kanga yake, moja moja.