Ol Pejeta: Ng'ombe Wale Wale, Wenyewe Wengine

Matatu ilitushusha Nanyuki saa tatu asubuhi, Mlima Kenya ukiwa bado mweupe, hauna wingu hata moja. Nikakodi teksi hadi Ol Pejeta, ranchi ya ng'ombe huko Laikipia ambayo pia ni hifadhi ya wanyama. Tulipolipita lango la Rongai, hatukwenda mbali tukasimamishwa na ng'ombe. Walikuwa wa aina ya Boran, nundu zikiyumba, wakivuka barabara bila haraka, mchungaji akiwapigia mluzi. Kando yao pundamilia walikuwa wakila nyasi hizo hizo.

"Wenye ranchi ndio hawa, mama," dereva akasema. "Matajiri huja wakaenda."

Maneno hayo sikuyasahau siku nzima. Wengi huanza kuisimulia ranchi hii miaka ya 1940, ilipokuwa ya Lord Delamere, mlowezi Mwingereza, akifuga ng'ombe wa nyama. Lakini jina lenyewe ni la Kimaasai, na Wamaasai wa Laikipia walihamishiwa kusini kwa mkataba wa 1911 ili walowezi wapate malisho. Anayeanza na Delamere amemruka mwenyeji, na hilo linaniuma.

Baadaye ranchi ilipita mikono kadhaa hadi kwa Adnan Khashoggi, yule mfanyabiashara wa silaha wa Saudi Arabia. Nyumba aliyokuwa akija kupumzikia, Ol Pejeta House, siku hizi hulaza wageni. Baada yake ikaja kampuni ya Lonrho, na ni wakati wao, 1988, kipande cha ranchi kilipotengwa kuwa hifadhi ya wanyama, Sweetwaters, ili vifaru wapate usalama. Mwaka 2004 shirika la Fauna & Flora International likainunua ardhi yote. Leo ni hifadhi ya ekari 90,000 isiyogawa faida kwa mtu, na ng'ombe hawakufukuzwa.

Alasiri nilisimama kwenye makaburi ya vifaru. Kila mmoja ana kibao chake. Cha Sudan nilikisoma mara mbili: dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, aliyekufa Machi 19, 2018. Wamebaki Najin na bintiye Fatu, wote majike, wako humu humu chini ya ulinzi. Koo lilinikaba.

Jua likizama tukamkuta tena yule mchungaji kwenye boma la vyuma, lile linalohamishwa kila baada ya muda ili samadi irutubishe malisho. Alikuwa akiwahesabu ng'ombe, akimgusa kila mmoja mgongoni anapoingia. Wa mwisho alipopita, akavuta lango na kulifunga kwa mnyororo.