Kiwanda kikija, anayecheka kwanza ni fundi

Mimi nina kaduka ka hadiwea Mkuranga, hii barabara ya Kilwa, ukishapita Kongowe, Vikindu na Kisemvule ndo unatufikia. Uchumi wa viwanda mi naujulia kwenye daftari la madeni, wala sihitaji taarifa ya habari.

Watu wengi wanadhani hela inaingia siku kiwanda kikianza kuzalisha. Wapi! Hela inaanza kumwagika siku wapimaji wakichomeka bikoni, maana hapo hapo unakuja uzio, linakuja jamvi, wanakuja wachomeleaji na masaidia fundi, na wote hao jioni wanatafuta pa kulala. Basi mwenye shamba la mikorosho anakata mitano, anaanzisha vyumba vinne vya kupangisha, anakuja kwangu anachukua saruji mifuko kumi, analipa nusu, nusu tunaandika. Mama lishe naye kashabandika sufuria getini.

Na kwa nini wenye viwanda wanakuja huku? Gesi jamani. Bomba la kutoka Mtwara na Songo Songo kwenda Kinyerezi, Dar es Salaam, lilikamilika 2015 na linapita kwetu, na tanuru la kioo au la marumaru haliwezi kuwashwa asubuhi likazimwa jioni kama jiko la mkaa, linakula moto usiku na mchana. Ndo maana Goodwill wako pale Mkiu wanatoa marumaru, na Sapphire wa vioo wakaja, Rais Samia akawazindulia 2023. Bandari yenyewe haiko mbali.

Sasa utamu wa viwanda vya aina hii ni kwamba vinajengwa halafu na vyenyewe vinauza vitu vya ujenzi. Zamani marumaru ilikuwa mpaka kontena litoke China, sisi tuliona ni mambo ya Masaki. Siku hizi mtu ana vyumba viwili tu tena bado hajapiga plasta ila ananiuliza bei ya boksi, na vijana waliokuwa wanauza chipsi wamegeuka mafundi marumaru (wengine wanaweka kama wamefumba macho, ukipita unajikwaa, lakini kazi wanapata).

Ila kuna upande mwingine. Mafundi wazuri wote wanahamia saiti ya kiwanda, huko malipo yana uhakika. Nyumba yangu mwenyewe ilikaa kwenye lenta miezi minne, fundi hashiki simu, kumbe yuko huko juu ya kenchi za chuma. Halafu kiwanda kikishaisha kujengwa wale watu wanatawanyika wote siku moja, na ndani wanabaki wachache, kazi kubwa inafanywa na mashine, wengine ni vibarua wa kutwa. Kibarua hanunui mifuko kumi, ananunua mmoja, anafyatua tofali zake Jumapili, akipata tena anarudi mwezi ujao. Vile vyumba vya mikorosho vilivyokuwa vinagombaniwa unakuta viwili vina kufuli tu na mwenye nyumba bado ana deni kwangu, na shambani mikorosho imebaki visiki.

Simcheki, hata mi mwaka huo nilijaza stoo nondo zikapata kutu.

Juzi lakini nimeona watu wamevaa vizibao vya njano wanapima kule nyuma ya shule. Sijamuuliza mtu, nimepiga simu kuagiza misumari na mabati. Saruji nasubiri kwanza nione uzio.