Mkono wa Dirisha la Mama

Mwezi Novemba mwaka 1997 nilikwenda Tanga kwa likizo ya wiki mbili, na usiku wa kwanza tu nikagundua kwamba dirisha la chumba cha mama yangu lilikuwa likifungwa kwa waya. Kilikuwa kipande cha ule waya mwembamba ambao waashi hufungia nondo kabla ya kumwaga zege. Kilipitishwa kwenye tundu la ukingo wa dirisha, kikazungushwa kwenye nondo ya kuzuia wezi, kisha ncha zake zikasokotwa mara nne au tano. Mama alinieleza kwamba mkono wa dirisha ulikatika mara baada ya Idi Kubwa, na kwamba hakuona sababu ya kunipigia simu kazini kwa ajili ya jambo dogo kama hilo.

Kwa mtu mwenye vidole vizima lingekuwa jambo dogo kweli. Lakini mama alikuwa na baridi yabisi iliyokwisha kumpinda vidole vya mkono wa kulia, na kuusokota waya ule hakukuweza kabisa. Kila jioni alimwita mtoto wa jirani aje kumfungia, na kila asubuhi alimsubiri aje kumfungulia kabla hajaenda shule. Siku ambazo mtoto hakutokea, dirisha lilibaki kama lilivyo, liwe wazi au limefungwa. Mwaka ule haukuwa wa kuacha dirisha wazi. Mvua za vuli zilikuwa zimegeuka kuwa zile ambazo baadaye kila mtu alizoea kuziita mvua za El Niño, zilizokata barabara na kubomoa madaraja sehemu nyingi za nchi. Kwetu Chumbageni zilikuja na upepo wa baharini, zikipiga ukuta kwa ubavu. Kitanda cha mama kilikuwa kimesogezwa katikati ya chumba, mbali na dirisha, na nilipouliza kwa nini, alinijibu kwamba alitaka tu kubadilisha mpangilio.

Nilimwambia kwamba kazi ile nitaimaliza kesho yake kabla ya chai ya saa nne.

Nyumba yetu ilikuwa na madirisha ya chuma ya mtindo wa Kiingereza, yale ya mabawa mawili yanayofunguka kwa nje, bawa moja limeshikwa na bawaba upande wa kushoto na jingine upande wa kulia, na katikati yao umesimama mhimili mwembamba wa chuma. Kila bawa lina mkono wake wa shaba ya njano, ambao mafundi huuita hendeli, umekaa juu ya bamba dogo lililofungwa kwa skrubu mbili. Mkono ukining'inia chini, ulimi wake huingia nyuma ya mhimili na kulivuta bawa lishikane na fremu; ukiuinua, ulimi hutoka na bawa huachia. Ulioharibika ulikuwa wa bawa la kushoto. Bamba lilikuwa bado lipo, lakini kipande chenyewe kilichokatika kilikwishatupwa na aliyefagia.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la busara sana. Kwa kuwa sikuwa na kipande cha zamani cha kuonyesha dukani, niliufungua ule mkono mzima wa bawa la kulia, nikaufunga kwenye gazeti na kwenda nao Ngamiani uwe kielelezo. Katika duka la tatu muuzaji aliugeuzageuza, akapima kwa jicho umbali kati ya matundu mawili ya skrubu, akaniletea mwingine unaofanana nao kwa kila kitu isipokuwa uzito, kwani ule mpya ulikuwa mwepesi, wa aluminiamu iliyopakwa rangi ya dhahabu. Nikaupanga juu ya ule wa zamani, tundu juu ya tundu, ulimi juu ya ulimi. Nikalipa shilingi 2,500 na kurudi nyumbani nikiwa nimejipongeza njia nzima.

Kazi ya kulitoa bamba la zamani ndiyo iliyokula siku. Bawa likiwa limefunguliwa, huwezi kulifikia vizuri kutoka ndani kwa sababu ya nondo, kwa hiyo nilisimama nje juu ya stuli, katika tope la chini ya mwasmini, mpwa wangu akinishikia mwavuli. Vichwa vya skrubu havikuonekana kabisa. Marehemu baba alikuwa na desturi ya kupaka rangi madirisha kila baada ya miaka michache, na hakuwa mtu wa kufungua kitu kwanza ndipo apake; alipaka kila kilichokuwa mbele ya brashi. Nilikwangua kwa kisu cha jikoni nikapita rangi ya krimu, nikafika kwenye nyeupe, kisha kijani kile kilichokuwa nyumbani nilipoanza shule ya msingi, ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa mpaka kilipodondoka kwenye kiganja changu kikiwa vumbi. Chini ya kijani palikuwa na rangi ya kijivu ambayo sikuwahi kuiona. Bila shaka ndiyo iliyokuja na dirisha.

Skrubu ya juu nilipoipata niliitilia mafuta ya taa, nikaigonga bisibisi kwa nyundo taratibu ili kutikisa kutu, na baada ya kama nusu saa ikakubali kuzunguka. Ya chini sikuipa nusu saa. Mvua ilikuwa imeanza tena, mpwa wangu alikuwa amechoka kushika mwavuli, nami nilikuwa nimeahidi saa nne na sasa ilikuwa saa nane mchana. Niliikaza bisibisi kwa mikono yote miwili, nikasikia kitu kikilegea, nikafurahi. Kumbe kilichozunguka kilikuwa kichwa peke yake. Mwili wa skrubu ulibaki ndani ya chuma, umekatika sawasawa na uso wa fremu. Nilijifunza baadaye kwamba shaba ikigusana na chuma mahali penye unyevu wa chumvi kama Tanga, chuma ndicho kinachoumia, na kutu yake huikaba skrubu kama saruji. Wakati ule nilijua tu kwamba nimebakiwa na tundu moja.

Nilichukua ule mkono mpya niufunge kwa tundu hilo moja. Skrubu iliyokuja nao iliingia mzunguko mmoja na robo, kisha ikagoma, nikairudia ile ya zamani. Mkono ulipokaa mahali pake, ulimi ukaelekea kwenye kioo badala ya kuelekea kwenye mhimili. Nilisimama pale juu ya stuli nikiutazama kwa muda ambao ningeona aibu kuutaja. Ulikuwa sawa kabisa na kielelezo, ila haukuwa na kazi yoyote kwenye bawa lile.

Basi nikaupindua juu chini. Sasa ulimi ulielekea upande unaotakiwa, ukaingia nyuma ya mhimili, bawa likavutika na kufunga; tofauti pekee ni kwamba mkono, dirisha likiwa limefungwa, ulisimama wima kuelekea juu badala ya kuning'inia. Nikaona hilo ni suala la sura tu. Nikarudisha na ule wa bawa la kulia mahali pake, nikamwita mama aje kuona. Aliangalia mkono mmoja umetazama juu na mwingine chini, akasema, "Ahsante mwanangu," kwa sauti ile ya mtu anayepokea chakula kisicho na chumvi.

Majira ya saa nane usiku upepo ulilitikisa dirisha, na mkono uliosimama wima, ukiwa umeshikwa na skrubu moja, ukafanya kile ambacho uzito wake ulikuwa ukiutaka tangu jioni: ulianguka. Ukianguka ndiyo unafungua. Nilisikia bawa likijipiga ukutani, na nilipofika chumbani mama alikuwa tayari amesimama, amevuta kitanda, anakunja kanga zilizokuwa juu ya sanduku na maji yakizichuruzika. Nililifunga dirisha kwa waya ule ule. Hatukusema mengi.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi mzee aliyekuwa na kibanda Ngamiani, akitengeneza vitasa, majiko na baiskeli. Baba alikuwa akimwendea zamani. Nilimwamkia, "Shikamoo Mzee," akanijibu, "Marahaba, mwanangu," bila kuinua macho kutoka kwenye alichokuwa akikipiga tupa. Nilimkabidhi mkono mpya na kumweleza habari yote, nikiisimulia kwa namna ambayo lawama ilimwelekea zaidi muuzaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Ukisimama ndani ya chumba, bawaba za hilo bawa lililovunjika ziko mkono wako upi?"

Sikujua. Nilikuwa nimelala katika nyumba ile miaka kumi na minane, nikilifungua na kulifunga dirisha lile kila nilipotumwa, na siku iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele yake tangu asubuhi hadi jioni. Hata hivyo ilinibidi nifumbe macho nijione nimesimama pale ndipo niweze kujibu kwamba ziko kushoto.

"Na ulichopeleka dukani ulikitoa bawa lipi?"

Nilipomwambia la kulia alicheka kwa upole, akaokota kandambili yake moja iliyokuwa chini ya meza na kuninyooshea. "Umepoteza ya kushoto, ukaenda sokoni na ya kulia, ukasema nipeni kama hii. Wakakupa. Mwenye duka kakukosea nini?"

Aliniarifu kwamba mikono hii huja kwa pande mbili, na kwamba mabawa yanayokutana kwenye mhimili mmoja hayawezi hata siku moja kuazimana. Kisha alivuta chini ya meza kopo la maziwa ya unga lililojaa mikono ya shaba iliyotolewa kwenye madirisha ya nyumba zilizovunjwa au kubadilishwa, akaimwaga yote juu ya gunia. Alitenga wa kushoto mmoja mmoja mpaka akabakiwa na mitano, akaijaribu kwa kuizungusha juu ya bamba lake, na akachagua mmoja uliokuwa mrefu na mzito kuliko wenzake, mweusi kwa uzee. Mimi ningechagua uliokuwa unang'aa. "Mama yako vidole vinamsumbua," alisema, na sikukumbuka kama nilimwambia hilo. "Mrefu hauhitaji nguvu."

Alikuja na baiskeli mchana, mvua ilipotulia, na keekee ya mkono imefungwa kwenye kapu. Aliipiga ncha ya ile skrubu iliyokatika alama katikati kwa msumari wa chuma kigumu, akaitoboa polepole huku akiitonesha mafuta. Kuhusu skrubu yangu iliyogoma, alinionyesha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: dirisha lilitengenezwa kwa hesi, yaani mapindo ya skrubu, za inchi, nayo skrubu ilikuwa ya milimita. Ya zamani ni tatu kwa kumi na sita ya inchi, ambayo haifiki milimita tano kamili, na njia za hesi zake zimeachana zaidi; ndiyo maana ile mpya ilikubali mzunguko mmoja na kidogo, kisha ikakaba. Ningeendelea kuilazimisha ningeliharibu na tundu lililokuwa zima. Alikata hesi mpya kwenye tundu la chini kwa chombo chake kidogo, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, akipuliza vumbi la chuma kila mara, akazipaka grisi skrubu mbili za zamani alizotoka nazo kibandani, akafunga bamba. Yote hayo hayakufika saa moja. Malipo aliyotaka yalikuwa pungufu ya yale niliyompa muuzaji, ambaye, nilipomrudishia mkono wake siku iliyofuata, aliukataa kwa haki kabisa, maana ulikuwa umejaa mikwaruzo ya bisibisi yangu.

Mama aliingia chumbani tulipokuwa tukikusanya vitu. Alipitisha mkono wa kulia kati ya nondo, na badala ya kuushika mkono wa dirisha kwa vidole aliuinua kwa ubavu wa kiganja, kama mtu anayesogeza kikombe mezani, bawa likaachia. Akalivuta, akaushusha mkono kwa ubavu ule ule wa kiganja, likafunga. Alirudia mara nne, fundi na mimi tukiwa tumesimama kimya tukimtazama, kisha akaomba kitanda chake kirudishwe kilipokuwa.

Nilipochomoa ule waya kwenye nondo ili nikautupe, alinizuia.

"Ulete hapa," alisema. "Mlango wa banda la kuku umelegea."